Wigi za Matanga

Wembe niliusikia kabla sijaona kitu. Nilikuwa nimeinamishwa mpaka kidevu kikagusa kifua, maji ya sabuni yakinichuruzika usoni, macho nimeyafumba, na mkono wa shangazi umenikaa kisogoni kama kifuniko. Ndipo nikausikia: mkwaruzo mfupi, mkavu, halafu kimya, halafu mkwaruzo mwingine, kama mtu anayeparua samaki huku mawazo yake yako mbali. Ulikuwa bado haujanifikia. Ulikuwa kwenye kichwa cha binamu yangu, binti wa shangazi, aliyeketi mbele yangu kwenye kigogo. Ulipohamia kwangu sikuusikia tena kwa masikio. Niliusikia ndani ya fuvu.

Nilipofumbua macho, nywele zetu zilikuwa juu ya jani la mgomba, zake na zangu zimechanganyika. Mbele ya jani kulikuwa na tuta la udongo mwekundu ambao haujakauka. Chini yake alilala baba mdogo, kitinda mimba wa nyumba ya baba yangu, aliyechimba dhahabu Tiira mpaka mvua ikalegeza ukuta wa shimo, ukamwangukia.

Kwetu, huku karibu na Majanji, mazishi huisha hivyo. Waliozaliwa tumbo moja na marehemu hunyolewa, na watoto wao hunyolewa. Nywele zilizomwona akiwa hai haziachwi ziendelee kuota kama kwamba hakuna kilichotokea.

"Nani bado?" aliuliza ba'mkubwa, kaka mkubwa wa baba yangu, aliyekuwa ameshika nyembe mpya akimgawia kila mtu wake.

"Mama yake," akasema binamu.

Hakukusudia kuchekesha, na hakuna aliyecheka. Mama yake marehemu, yaani bibi yangu, hakuwepo. Alikuwa Busia mjini, nyumbani kwa shangazi, jicho moja limefungwa kitambaa, anakunywa uji aliopikiwa na jirani. Hakujua kwamba mwanawe wa mwisho amekufa. Hakujua kwa sababu watoto wake walikaa kikao wakaamua asijue.

Mimi nafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari mjini Tororo, na riwaya zangu naziandika wikendi, nikiwa na bahati. Juma lile lile shimo lilipobomoka, darasa langu lilikuwa limefika kwenye kitenzi "conceal". Kamusi ya shule, iliyopoteza jalada lake, inasema ni kukiweka kitu kisionekane, au kumfanya mtu asijue jambo. Nikawaambia wanafunzi watunge sentensi. Mahali pengine watoto wangeandika habari za tabasamu na machozi. Wangu ni watoto wa mpakani. Mmoja aliandika kwamba mama yake huificha sukari katika gomesi, lile vazi pana la akina mama, na mkanda wa gomesi ndio mlango. Mwingine aliandika kwamba mjomba wake alificha mafuta ya petroli ndani ya jeneza na akalia njia nzima, tena vizuri, mpaka askari wa forodha akavua kofia. Darasa lilicheka hadi mwalimu wa hesabu akachungulia dirishani. Msichana mmoja wa kijiji cha Paya, ambaye huongea mara chache, aliandika: baba huificha hasira yake, lakini mama anajua inakaa wapi.

Nilisahihisha sentensi zile kwa furaha. Kosa lilikuwa moja, karibu kwa wote. Walitaja kilichofichwa na mahali kilipofichwa, hawakumtaja anayefichwa. Nikawaandikia ubaoni kwamba kitenzi hiki kina mtu wa upande wa pili, na kwamba hata asipotajwa yupo, amesimama hapo, hajui. Niliona nimefundisha jambo zuri. Nilipangusa chaki mikononi nikaenda kunywa chai, na simu ya shangazi ikanikuta na kikombe mkononi.

Kuhusu shangazi lazima niseme ukweli wote, maana bila yeye bibi asingekuwa na jicho. Bibi alikaa miaka akiona ukungu. Alimwaga chai pembeni ya kikombe, akasalimia nguzo, akamfukuza mbuzi ambaye alikuwa ndoo. Shangazi ndiye aliyembembeleza, akamtisha, akamnunia, mwisho akampakia na kumpeleka Tororo kwa daktari wa macho. Walianza na jicho la kulia. Lilivimba kuliko walivyotarajia, likafungwa kitambaa, na daktari akatoa makatazo yake: mama asiiname, asibebe kitu, na zaidi ya yote asilie. Kulia kungelikaza jicho, pengine likaharibika moja kwa moja. Tena ana presha.

"Na nini kitaniliza?" bibi alimwambia daktari. "Mume nilishamaliza kumlilia."

Alikuwa na hamu moja tu, naye aliirudia kwa kila aliyeingia. Kitambaa kikitoka, mtu wa kwanza anayetaka kumwona ni kitinda mimba wake. Kwenye simu kijana alikuwa akimwambia kwamba amenenepa. "Huyo mtoto ni mwongo," bibi alikuwa akisema, akitabasamu. "Nitamtazama mwenyewe, nitampima shingo."

Habari za shimo zilipokuja, bibi alikuwa amelala chumbani kwa shangazi na kitambaa chake.

Kikao kilifanyika kijijini, nyuma ya nyumba, maiti ikiwa ndani. Ba'mkubwa alisema haijawahi kutokea mama azikiwe mwana naye yuko hai, umbali wa safari fupi ya pikipiki. Shangazi akayataja makatazo ya daktari. Ba'mkubwa akasema jicho ni jicho na mtoto ni mtoto. Shangazi akasema, "Basi mlete. Mlete alie. Halafu wewe ndiye utamshika mkono kumpeleka chooni mpaka afe, si mimi." Niliwaza kwamba wote wawili wana haki, na niliuchukia uwezo wangu wa kuliona hilo.

"Shangazi," nikasema, "hili tunalofanya ni kumficha mama yenu msiba wa mwanawe."

"Hii si kuficha. Hii ni kumsitiri."

"Kwa Kiingereza ni neno moja."

"Hiyo neno naijua kabla wewe hujazaliwa, mwalimu. Nilisomewa kotini nikiwa na mimba ya huyu." Akamwonyesha binamu kwa kidevu. "Ni neno ya mtu ambaye hajawahi kumfunika mtu nguo."

Na kweli alilijua. Ujana wake wote alivusha vitu kutoka ng'ambo ya Kenya kwa njia za panya: sabuni, sukari, betri, mafuta ya kupikia, vyote vimefungwa mwilini chini ya gomesi, mwanamke mwembamba akienda na mnene akirudi. Walimkamata mara chache sana. Siku hizi ana kibanda sokoni, anauza wigi na vitenge, lakini sheria za kazi ile hazijamtoka. Mzigo usibebwe na mtu mmoja, ugawanywe. Kitu kisifichwe mbali, kiwekwe palipo wazi, pale jicho la askari limeshazoea. Nilimtazama akiwagawia ndugu zake uongo, na nikaona ni mikono ile ile. Mmoja atasema mtandao wa Tiira umekatika. Mwingine atasema simu ya kijana ilianguka kwenye maji ya shimo. Binamu atasema ameonekana sokoni, anaulizia simu mpya. Hakuna aliyepewa uongo mzima.

"Na mwalimu?" binamu akauliza.

Shangazi alinipima kwa macho. "Huyu uongo wake ni wa vitabu. Huyu atabeba kunyamaza."

Ba'mkubwa alishindwa, lakini alitoa sharti. "Mama mmemnyima," alisema. "Wembe hamtaunyima. Kila anayestahili kunyolewa atanyolewa, hata anayelala chumba kimoja naye." Shangazi alijaribu kumbishia. Alimwambia bibi ana kawaida ya kugusa vichwa, mtu akipiga magoti kumsalimia hupapaswa utosini kama ndama. Ba'mkubwa akamwambia hilo ni lake, yeye si ndiye fundi wa kuficha.

Kwa hiyo tulimzika. Udongo wa mama, ule wa kwanza, unaotupwa kwa mkono kabla ya majembe, aliutupa shangazi kwa niaba. Niliuona mkono wake ukisita juu ya shimo, kisha ukafunguka. Alilia kuliko sisi wote, na alipomaliza aliosha uso, akanawa tena, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki ili ahakikishe macho hayasemi kitu.

Kabla hatujaingia nyumbani kwake Busia, tulipitia kibandani. Akafunga mlango nyuma yetu wanawake watatu, akashusha wigi. Yeye alichukua ya mawimbi mafupi, ya heshima. Binamu akachagua iliyomfika mabegani. Mimi nilipewa iliyobaki, yenye kichogo kigumu, inayonuka plastiki mpya.

"Unafanana na msomaji wa habari," binamu akaniambia.

"Na wewe unafanana na mke wa pili."

"Afadhali. Mke wa pili hula."

Tulicheka, vichwa vyetu vikiwashwa chini ya nyuzi zile. Shangazi hakutukataza. Alisema tu, "Cheka sana hapa. Ndani ya nyumba sauti zenu ni za mafua. Wote tumeshikwa na mafua."

Maana bibi alikuwa na masikio. Jicho la kulia limefungwa, la kushoto haliamui kati ya mtu na pazia, basi akili yake yote ilikuwa imehamia masikioni. "Mbona mmekauka sauti?" aliuliza tulipoingia. Mafua, mama. "Wote?" Wote. "Hata huyu wa Tororo?" Hata mimi, kukhu. Hivyo ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Akatuambia tuchemshe majani ya mkaratusi, na jioni shangazi akayachemsha kweli, nasi tukajifunika shuka tukavuta mvuke wa ugonjwa ambao hatukuwa nao, ili harufu ifike alipokaa.

Nilikuwa nimepewa ruhusa shuleni kwa ajili ya msiba, kwa hiyo nilikaa. Sijui kama nimewahi kuishi siku ndefu namna ile. Ni nyumba ya matanga isiyo na matanga. Majirani walikuja kutoa pole, shangazi akawapokea nje ya ua, wakalia kidogo kwa minong'ono kama watu wanaoiba, wakaondoka. Vyakula vya rambirambi viliingia kama manunuzi ya kawaida. Bibi akala kuku wa matanga ya mwanawe akausifia. "Leo umepika kama kuna wageni," alimwambia shangazi, na shangazi akasema, "Nimekupikia wewe, mama," akageuka ukutani.

Tukipiga magoti kumsalimia, tulipiga mbali, mkono wake usifike. Mwanzoni aliunyoosha, ukaelea hewani, akaurudisha mapajani.

"Mnaniogopa?"

"Mafua, kukhu. Tusikuambukize."

Kila jioni aliulizia simu ya kitinda mimba wake. Mtandao ukakatika, simu ikaanguka majini, kijana akaonekana sokoni, kila mtu akatoa kipande chake kwa zamu yake. Tatizo la kugawanya mzigo wa namna hii ni kwamba sukari haiongezeki ukiigawa, lakini uongo huongezeka. Bibi alianza kuuliza aliuliziaje simu sokoni bila kupita nyumbani kumwona mamaye mgonjwa. Binamu akasema alikuwa na haraka. Bibi akakasirika. Alimkasirikia mwanawe aliyekufa. Alimwita mchoyo, mtoto wa siku hizi, dhahabu imemtia kiburi, akiona mama amekuwa mzigo. Aliyasema haya akiwa ameinua uso, na sisi tulikaa pale na wigi zetu tukamsikiliza akimtukana marehemu, na hakuna aliyeweza kumtetea kijana wa watu. Mimi niliyepewa kunyamaza nilinyamaza. Nilimtazama shangazi, nikaona taya lake likienda kama anatafuna kitu ambacho hakimezeki.

Usiku ule tukiosha vyombo nikamwambia, "Umesikia anachokisema juu yake?"

"Nimesikia."

"Mwambie basi."

"Jicho likifunguka."

"Na daktari akisema bado asilie?"

Alisugua sufuria. "Mwalimu, wewe ukivusha mzigo, katikati ya mto hauutui. Unautua ng'ambo."

Siku ya kwenda Tororo ikafika. Tulikodi gari la jirani, nikakaa mbele. Muuguzi alikuwa msichana mpole wa mikono baridi. Alimkalisha bibi dirishani, akakifungua kitambaa pole pole, akaloanisha pamba, akafuta. Kope zilikuwa zimegandana. Bibi alishika magoti yake kwa nguvu kama mtu aliye juu ya pikipiki. Kisha jicho likafunguka, jekundu, lenye maji, likazungukazunguka bila kutua.

Lilitua kwanza nje, kwenye jiwe kubwa la mji, ule mwamba unaoonekana kila upande.

"Kumbe bado liko pale," alisema.

Kisha akamtafuta shangazi. Walitazamana. Bibi alimtazama binti yake kwa muda mrefu, mikunjo ya shingo, mashavu, paji la uso, kwa ule ulafi wa mtu aliyenyimwa. "Umezeeka," alisema hatimaye. "Nilikuacha msichana." Shangazi akacheka, machozi yakamlengalenga, akawa na haki ya kuyaacha yaonekane. "Na hizi nywele?"

"Wigi, mama. Si biashara yangu? Muuza wigi akitembea kichwa wazi nani atanunua."

"Zinakupendeza." Akanigeukia. "Na mwalimu naye anauza?"

"Amenipa zawadi, kukhu."

Ukiacha mafua, ndilo neno langu la pekee la uongo katika jambo lile lote, na lilitoka laini kabisa. Bibi akaridhika. Palipo wazi, shangazi alishasema. Daktari akaja, akamulika taa, akasema linakwenda vizuri, dawa ya matone iendelee, na mama aendelee kujitunza, asijikaze. Shangazi alimuuliza kwa sauti ya chini nje ya mlango: hata kulia kidogo? Daktari akasema afadhali wasubiri. Sikujua kama nilimchukia daktari au niliona nafuu.

Tuliporudi Busia bibi alitaka kuona kila kitu. Alitazama sufuria, pazia, mende. Akamwita binamu amtazame, na binamu akaja na mabega yake yaliyofunikwa, akapiga magoti mbali.

"Na wewe wigi," bibi akasema.

"Ni mtindo, kukhu."

"Nyumba nzima mtindo." Alikuwa bado anatabasamu. "Njoo karibu, siwaoni vizuri kwa mbali. Mafua yenu yameisha, nimewasikia." Hakumwita binamu. Aliniita mimi. "Njoo nikuone. Wewe ndiye unafanana naye, yule mjinga asiyepiga simu."

Nilimtazama shangazi. Nikasogea, nikapiga magoti mbele ya kiti, na bibi akaushika uso wangu kwa viganja vyake viwili kama mtu anayeshika kibuyu cha maji. Alinitazama macho, pua, mdomo. Vidole gumba vikanipapasa mashavu, vikapanda kwenye nyusi, vikapanda kwenye paji. Vikafika ukingo wa wigi. Vikaingia chini yake.

Vikasimama.

Nilihisi vidole vyake vikikwaruza yale mashina mafupi ya nywele, mara moja, na mara ya pili kwa kuhakikisha. Kisha akaivua wigi, taratibu, akaiweka mapajani kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. Akamtazama binamu. Binamu akaivua yake mwenyewe. Shangazi hakuvua, lakini haikuhitajika.

"Nani?" bibi akauliza.

Kichwa kilichonyolewa husema kuna kifo. Hakisemi cha nani. Na katika ile nafasi ndogo kati ya swali na jibu nikaiona akili ya shangazi ikikimbia. Mzigo ukishikwa, unampa askari kidogo. Unampa kipande kimoja cha sabuni akishike, afurahi, aache katoni.

"Ni yule mzee wa ng'ambo," shangazi akasema. "Binamu yako wa upande wa mama yako, wa kule Kenya. Hatukutaka ulie, mama. Daktari alikataza."

Bibi aliinamisha kichwa. Kwa muda nilidhani limepita. Alianza hata kuvuta pumzi ile ya mtu anayejiandaa kuomboleza, akamtaja yule mzee kwa jina lake la utani, akasema alikuwa mcheshi. Alianza kumlilia mtu ambaye, kwa tulivyojua, asubuhi ile alikuwa anachunga ng'ombe wake. Sijawahi kuona kitu kichungu kama kile: huzuni ya kweli imepelekwa kwenye kaburi ambalo halipo.

Kisha akanyanyua uso.

"Kwa yule," alisema, "wewe unanyoa?"

Shangazi akaishika wigi yake kwa mkono.

"Yule wananyoa watoto wake. Wananyoa dada zake. Wewe unamnyolea nini? Na huyu mtoto wa shule anamnyolea nini?" Sauti yake haikupanda. "Unafikiri nimekuwa kipofu mpaka wa mila? Unanipa mfu wa mtu mwingine?"

"Mama..."

"Kaka yenu mkubwa jana nimemsikia kwenye simu akikohoa. Wewe uko hapa. Baba wa huyu ameongea nami kutoka kazini kwake." Alikuwa anawahesabu watoto wake kwa sauti, mmoja mmoja, akiwasukuma pembeni waliosalimika. Kila aliyemtaja alimpunguzia tumaini. Akafika mwisho. Hakumtaja. Aligeuka kwangu.

"Wewe ndiye huniambii uongo," alisema, naye hakujua kwamba saa chache tu zilizopita nilimwambia. "Mmemzika?"

"Ndiyo, kukhu."

"Wapi?"

"Nyumbani. Karibu na babu."

"Shimo?"

"Shimo."

"Na udongo wangu alitupa nani?"

Shangazi akasema, "Mimi, mama."

Bibi alitikisa kichwa pole pole, kama mtu anayesikia bei.

"Usilie, mama," shangazi akasema, akapiga magoti, sasa karibu, ndani ya umbali wa mkono. "Nakuomba. Nikulilie mimi. Jicho lako. Ningekwambia ungelia, lingekufa, ungekaa gizani na msiba juu. Nilikuwa nakusitiri."

"Nimemtukana," bibi akasema. "Amelala chini, mimi nakula kuku wake, namtukana. Na wewe umekaa hapo unasikia."

"Nilikuwa nasubiri..."

"Ulimpitisha mwanangu mbele yangu kama sukari."

Shangazi aliufunika uso kwa mikono. Bibi hakumgusa. Hakulia pia, na hilo lilinitisha kuliko kilio. Jicho lake jipya lilikuwa kavu na wazi kabisa, linatazama kila kitu: meza, kalenda, binamu na upara wake, mimi. Kisha akainuka. Akaingia chumbani, tukasikia akifungua na kufunga vitu. Alitoka na kikapu chake na kitenge begani.

"Nakwenda nyumbani."

"Twende," shangazi akasema, akitafuta viatu. "Nakupeleka."

"Wewe umeshazika. Kaa."

"Basi huyu akupeleke."

"Na huyu ameshazika." Hakuniangalia. "Wote mmeshamaliza. Mimi ndiyo naanza."

Ilikuwa mchana mkali. Dereva wa bodaboda anayeegesha upande wa pili wa barabara alikuwa kijana wa kijijini kwetu, na kupitia mlangoni nilimwona akisimama alipomwona bibi. Nilichukua dawa ya matone mezani nikamnyooshea. Alisita. Akaichukua, akaitia kikapuni, kwa namna ya mtu anayepokea kitu kutoka kwa karani.

Kizingiti kilimshinda mara ya kwanza; kwa jicho moja hakujua kimo chake. Alipapasa kwa mguu, akashika fremu. Shangazi alinyanyuka nusu, mkono mbele, bibi akasema bila kugeuka, "Usinishike." Akavuka mwenyewe. Akageuka, akaushika mlango wa bati akauvuta. Ule mlango umelegea bawaba, hukwama kwenye saruji kila siku, na mgeni hawezi kuufunga. Akauvuta tena, ukakwama tena, ukipiga kelele chini.

Shangazi alikwenda mlangoni. Akaweka mikono yake miwili chini ya kitasa, kwa ndani, akaunyanyua kidogo kama tunavyofanya siku zote, na mama yake akauvuta kwa nje, ukafunga.